Usimpe Mpinzani Mkono Mapema: Nilichokiona kwa Gukesh

Juzi kijana mmoja anayenisoma ameniandikia akitaka nimtajie mifunguo, yaani hatua za mwanzo zilizopangwa, ya kukariri ili acheze chesi kama Gukesh. Jina alilolitaja limenifurahisha, maana huyo mtoto wa Chennai, India, ndiye aliyenirudisha mimi mezani. Ila, mdogo wangu, ukimtafuta Gukesh kwenye hatua kumi za mwanzo utamkosa. Nguvu yake inaonekana mwishoni, watu wakishachoka.

Tazama Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 na wa mwisho wa mechi ya ubingwa wa dunia. Gukesh Dommaraju na bingwa mtetezi, Ding Liren wa China, wana pointi 6.5 kila mmoja. Ubaoni kila upande umebaki na mfalme, ngome, askofu na vitunda vichache (zile kete ndogo za mbele), Gukesh akiwa na kitunda kimoja cha ziada. Nafasi kama hiyo kwa kawaida huishia sare, na wachambuzi walishaanza kuzungumzia michezo ya kasi ya kesho yake. Gukesh, tena akiwa na kete nyeusi, hakuacha. Mara ngome, mara mfalme, kila hatua inamwachia Ding swali dogo la kujibu. Hatua ya 55 Ding akapeleka ngome mraba wa f2 (kila mraba wa ubao una herufi na namba yake). Askofu wake alikuwa amekaa kona ya a8; Gukesh akabadilishana ngome, akamletea askofu wake d5, na yule wa kona hakuwa na pa kukwepa. Vikabaki vitunda na wafalme tu, na hapo hesabu ilikuwa ya Gukesh. Hatua ya 58 Ding akakubali kushindwa. Bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 18, wakati bingwa maarufu wa zamani, Garry Kasparov, alilichukua taji mwaka 1985 akiwa na miaka 22.

Wengi walisema Ding alijiangusha. Sikubaliani nao kabisa. Kwenye mchezo wa 6 wa mechi hiyohiyo Gukesh alikataa sare ya kurudia hatua, ingawa nafasi yake haikuwa bora kuliko ya mwenzake. Mtu akilazimishwa kufikiri hivyo kwa zaidi ya wiki mbili, siku moja mkono utateleza. Hiyo ni kazi ya mpinzani wake. Bahati haimo.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nililipia. Nilipoanza kucheza Dar es Salaam nilikuwa mdogo kwenye meza za wakubwa, na nilikuwa naendelea pale ambapo wengine wanapeana mikono. Mzee mmoja aliyesimamia timu yetu aliniambia mbele za watu kwamba sina adabu, nawachosha wakubwa kwa mchezo uliokwisha. Timu ilipotangazwa, jina langu halikuwemo. Aliyechukuliwa nilikuwa nimeshamfunga, tena kwa kitunda cha pembeni ambacho kila aliyesimama pale alikiona hakina kazi. Mpaka leo sijasahau. Niliweka ubao juu ya kabati na miaka ikapita.

Mwezi uliopita nimeshinda mashindano ya wikiendi, na raundi ya mwisho niliishinda kwa mchezo uleule niliokatazwa: ngome kwa ngome, kitunda kimoja zaidi, mpinzani ananyoosha mkono wa sare, mimi natikisa kichwa kwa heshima na kuendelea. Ukumbi ulikuwa umebaki na sisi wawili na mwamuzi. Nilitamani yule mzee angekuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: cheza. Sare isikuvutie kwa sababu tu umechoka. Na hesabu kwa kichwa chako. Vishnu Prasanna, mwalimu aliyemlea Gukesh, alimweka mbali na injini za kompyuta, programu zinazokutafutia hatua bora, miaka yake ya mwanzo, na mtoto akapata cheo cha grandimasta, cha juu kabisa kwenye chesi, akiwa na miaka 12. Leo vijana wetu wanafungua simu kabla hawajatazama ubao, halafu wanashangaa wanaishiwa mawazo hatua ya 40. Funga simu. Hesabu, kosea, hesabu tena.

Ukiumizwa, rudi mezani haraka kuliko nilivyorudi mimi. Toronto, Aprili 2024, kwenye mashindano ya kumpata wa kumkabili bingwa wa dunia, Gukesh alipoteza raundi ya 7 kwa Alireza Firouzja, kipigo kinachoweza kumaliza mashindano ya mtu. Baadaye alisema ni siku hiyo hasa alipoanza kuamini kwamba hayo mashindano ni yake. Akamaliza na pointi 9 kati ya 14, wa kwanza. Hakuna aliyemwekea nafasi, wala wewe hakuna atakayekuwekea, mdogo wangu. Majina hupangwa na watu wenye wapendwa wao, lakini matokeo huandikwa ubaoni.

Kuhusu mifunguo, chukua mmoja kwa kete nyeupe na mmoja kwa nyeusi, inatosha kwa sasa. Jumamosi hii panga nafasi ya Singapore kabla ya hatua ya 55, mwenzako ashike nyeupe, mcheze mpaka mwisho. Kisha geuzeni ubao, wewe ndiye ujilinde.