Wakikusifia, Usiridhike: Kwa Wanaoanza Kusanifu Teknolojia ya Kuwafaa Maskini

Mradi wangu wa kwanza ulisifiwa na kila mtu. Tulitengeneza fomu ya kujaza kwenye simu, ili wahudumu wa afya wa kujitolea wanaozunguka nyumba kwa nyumba waachane na madaftari. Siku ya majaribio walipiga makofi. Nilipouliza kama kuna pagumu, wakanijibu hapana, kila kitu kizuri. Miezi mitatu baadaye nikafungua seva, yaani kompyuta inayopokea rekodi zote, na nilichokikuta kikaninyima usingizi: karibu rekodi zote za mwezi zilikuwa zimeingizwa jioni mbili za mwishomwisho, tena kutoka simu moja ileile.

Nikarudi, safari hii bila dodoso. Nikaomba kufuatana na mhudumu mmoja nikiwa kimya tu. Alipoingia kwa mama mjamzito, simu ilibaki mfukoni, daftari likatoka. Ukiinamia simu wakati mama anakueleza maumivu yake, mama anadhani unachati, anajiona kadharauliwa. Kwa hiyo wote walikuwa wakiandika daftarini, kisha mwisho wa mwezi wanampelekea kijana mmoja kati yao, mwepesi wa kuandika, awaingizie. Kumbe mtumiaji wangu alikuwa huyo kijana, na sikuwahi kuzungumza naye hata siku moja.

Hawakunidanganya kwa ubaya. Nilifika kama mgeni aliyebeba zawadi, na mgeni hasutwi mbele ya zawadi yake. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Bangalore, India. Waliwaonyesha watu teknolojia mbili zinazolingana na kuwauliza ipi bora. Walioamini kwamba moja imetengenezwa na yule anayewahoji walielekea kuichagua hiyo mara 2.5 zaidi ya nyingine. Mhoji alipokuwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, ikawa mara 5. Hata ile ya mhoji ilipoharibiwa kwa makusudi ikawa mbovu waziwazi, bado waliipenda. Soma tena hiyo sentensi kabla hujaenda kwa watu na karatasi ya maswali.

Tangu hapo sisemi kitu ni changu. Napeleka miundo miwili na kusema nimetumwa kuuliza. Siulizi "Je, ungependa?" Nauliza "Mara ya mwisho ulifanyaje?" Au namwachia mtu kifaa, namwomba amfundishe jirani yake huku nikitazama tu. Anachokiruka anapofundisha ndicho kisichomwingia. Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kama bado anakitumia wiki ya sita, wakati hakuna anayemuuliza.

Matendo ya watu yakienda kombo na mpango wako, usikimbilie kuwaelimisha. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia 2005, kusudi lilikuwa wakopaji wadogo walipe marejesho ya mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaanza kuitumia kwa mambo yao, likiwemo la kutumiana fedha wao kwa wao. Waliosimamia jaribio walikuwa na busara ya kuufuata mkondo huo, na ilipozinduliwa Machi 2007 huduma iliyotangazwa ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Wangeshikilia waraka wa mradi, wangebaki na mfumo wa marejesho. Tazama pia kubipu: watu walioishiwa salio waligeuza simu isiyopokelewa kuwa ujumbe usio na gharama, wakakubaliana wenyewe bipu moja ina maana gani na mbili zina maana gani. Hakuna mhandisi aliyewafundisha. Ukiona ujanja wa namna hiyo mahali unapofanya kazi, hapo pana hitaji halisi, na gharama ya kulitatua wamekwisha kuipiga hesabu.

Kosa jingine tunalolibeba bila kujua ni kudhani kifaa kimoja kina mtu mmoja. Huko India watafiti walikuta watoto wengi wamezunguka kompyuta moja ya shule, kipanya kikiwa mikononi mwa mmoja, mara nyingi yule mwenye nguvu. Badala ya kuhubiri juu ya kompyuta zaidi, walichomeka vipanya kadhaa kwenye mashine ileile, kila mtoto akapata kishale cha rangi yake. Ila ninalolipenda zaidi ni walichokigundua baadaye. Mchezo ulipokuwa wa kushindana nani wa kwanza, watoto walibofya ovyo, hasa wavulana. Ulipobadilishwa ili jibu lisipite mpaka wote wakubaliane, wakaanza kuelezana. Kifaa hakikubadilika, ila kanuni moja tu ndani ya programu.

Simu ya familia ni hivyohivyo. Mume anaishika, mtoto anaisoma, shangazi anaiazima. Ujumbe wa kumkumbusha mtu dawa zake unaweza kufunguliwa na yeyote, na siri ikishatoka hairudi. Wakati mwingine ujumbe salama ni ule unaosema tu "Tupigie", na wengine wasitumiwe meseji kabisa. Waulize faraghani, mmoja mmoja. Tafadhali usilipuuze hili. Makosa mengine ya usanifu yanapoteza fedha, hili linaweza kumfanya mtu apigwe nyumbani kwake.

Kuhusu wasiojua kusoma, vijana wengi hudhani dawa ni video. Mwaka 2007, huko huko India, watu 200 wasiojua kusoma walionyeshwa dalili 13 za magonjwa kwa njia mbalimbali: maandishi, michoro, picha, katuni na video, zikiwa na sauti au bila sauti. Sauti kwa ujumla iliharakisha kuelewa, lakini sauti na picha kwa pamoja ziliweza pia kuwachanganya, na chenye mambo mengi zaidi hakikueleweka zaidi kwa sababu hiyo. Mimi huanza na sauti na michoro michache, nikijua kwamba wengi wasiosoma maneno wanasoma tarakimu vizuri sana, maana wanashika fedha kila siku.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka, yanafundishika. Hifadhi kila kitu kwenye simu kwanza, utume mtandao ukirudi. Usimfanye mtu alipie bando ili kuona nembo ya mfadhili wako. Meseji moja hubeba herufi 160, lakini ukibandika alama moja isiyomo kwenye seti ya msingi ya herufi za meseji, kama zile alama za nukuu zilizopinda za programu za kuandikia, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Ukituma kwa maelfu, bajeti ya mwaka inaweza kuisha ndani ya nusu mwaka.

Na kifaa peke yake hakifundishi. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa vijijini, na tathmini ya shule 319 iliyotolewa 2012 ilionyesha kompyuta zimepanda kutoka 0.12 kwa mwanafunzi hadi 1.18, ilhali alama za hisabati na lugha hazikusogea. Walimu hawakuwa wamepewa msaada wa kutosha. Ukiombwa kusanifu, uliza kwanza nani yupo pale tayari anafanya kazi hiyo na anakwamia wapi.

Ile fomu yetu tuliitupa. Tulichukua daftari la wahudumu, tukapanga skrini safu kwa safu kama kurasa zake, kwa mpangilio uleule, ili kijana aingize bila kutafuta. Naye tukaanza kumlipa, kwa sababu kazi aliyokuwa akiwafanyia wenzake usiku ndiyo iliyokuwa mfumo wenyewe. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Walituambia safu ya tarehe ni nyembamba mno, na kwamba tumesahau mahali pa kuandika mama aliyehama.