Stelingi Ikae Mbele: Kuchagua Traki za Skeitibodi kwa Slalomu

Jumapili asubuhi, kabla bajaji hazijaanza kupita, huwa napanga vikombe vya mtindi kwenye kipande cha lami kinachoshuka huku kwetu Forest Mpya, Mbeya. Kikombe hadi kikombe ni hatua mbili. Kisha nashuka na skeitibodi nikivipita kwa zigizaga, kushoto, kulia, kushoto. Hiyo ndiyo slalomu. Natumia vikombe kwa sababu gurudumu likikigusa kinaruka pembeni. Jiwe au chupa yenye mchanga itakuangusha wewe.

Vijana wanaosimama kutazama huniuliza swali lilelile: "Kaka, ubao kama huo unapatikana wapi?" Ubao si shida, hata seremala mzuri wa hapa mjini anaweza kukukatia. Mimi nataka waniulize kuhusu vile vyuma viwili vilivyofungwa chini yake, yaani traki. Humo ndimo slalomu ilimo.

Traki ina kitako kinachofungwa kwenye ubao kwa bolti, hanga iliyobeba ekseli, na kingpini, ile bolti nene inayovishikanisha. Kwenye kingpini kuna bushi mbili, yaani pete za raba ngumu. Ukiegemea upande mmoja, bushi zinabanwa na ekseli inapinda. Ekseli ipinde kiasi gani, hilo linaamuliwa na mwinamo wa traki, ambao hupimwa kwa nyuzi. Nyuzi 50 inapinda sana, nyuzi 30 inapinda kidogo.

Skeitibodi yangu ya kwanza ilikuwa na traki mbili zinazofanana, nyuzi 50 mbele na nyuma. Muuzaji aliniambia ndizo bora kwa kona, nami nikaamini. Kwenye tambarare zilikuwa tamu kweli. Kwenye mteremko, kuanzia kikombe cha tatu au cha nne, mkia ulianza kuyumba wenyewe, na kila nilipojaribu kuutuliza ukazidi. Nilianguka nikachunika kiwiko na nyonga, wiki mbili nalalia ubavu mmoja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa gereji, niliyemfuata kuazima spana. Aliushika ubao, akauinamisha, akatazama ekseli zote mbili zikipinda. Akaniuliza, "Mwanangu, umeona gari gani linakata kona kwa matairi ya nyuma likaenda kasi?" Nikakosa jibu. "Hii yako ina stelingi mbili. Ya nyuma ndiyo inakumwaga."

Hakuwahi kupanda skeitibodi maishani mwake, na alikuwa sahihi kabisa. Katika slalomu traki ya mbele ndiyo inayoongoza, iwe na nyuzi 45 hadi 55. Ya nyuma kazi yake ni kufuata na kushika lami wakati unasukuma kwa miguu, nayo iwe kati ya 20 na 35. Waliobobea walijua hili zamani: kampuni ya Tracker ya California iliziuza kwa majina mawili, RTX ya kufungwa mbele na RTS ya nyuma. Kwa hiyo ukiona jozi inayofanana, usikubali kwamba ndiyo seti kamili ya slalomu, hata kama inang'aa.

Kama tayari unayo jozi ya namna hiyo, usiitupe. Chonga kabari. Mimi nilimpa seremala kipande cha mninga, akanichongea kabari ya urefu wa sentimita 8, upande mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine kwa sentimita 2. Hiyo inabadilisha mwinamo kwa nyuzi kama 14. Niliiweka chini ya traki ya nyuma, upande mnene ukiangalia mkia, na 50 ikashuka hadi 36, karibu na ile 35 niliyoitaja. Mbele unaweza kuweka kabari nyembamba, upande mnene ukiangalia katikati ya ubao, ili traki izidi kupinda. Usikate kabari kwenye kandambili. Raba ile inabonyea, bolti zinalegea, na unapoteza ulichokitafuta. Nunua na bolti ndefu zaidi, zenye unene wa milimita 5.

Upana nao una maneno. Traki nyingi za ubao mrefu zina hanga ya milimita 180. Hiyo ni pana mno kwa vikombe vilivyokaribiana, inachelewa kuitika. Tafuta ya milimita 105 hadi 115, na ubao mwembamba unaolingana nayo, magurudumu yawe chini ya miguu yako na si nje yake.

Ukinunua mtumba, shika hanga uitikise kwa mkono. Ikicheza kabla hata hujaiegemea, usitoe hela mpaka ujue kama ni bushi zilizokufa, ambazo hubadilishwa, au ni chuma kilicholika. Chungulia ekseli kwa urefu wake uone kama chuma chake kimekunjika. Nati ya gurudumu inafunguka kwa spana 13. Ya kingpini omba spana za inchi, ile ya 9/16, maana 14 haiingii na 15 inakula kona.

Bushi nazo zina namba za ugumu: 78A ni laini, 95A ni ngumu. Mbele naweka laini, nyuma ngumu. Ila sisi wa nyanda za juu tuna jambo ambalo wa Dar es Salaam hawalijui. Juni na Julai, asubuhi ya baridi, bushi hukakamaa. Ile 85A iliyokuitika vizuri Januari utaiona nzito, na kosa ambalo wengi hufanya ni kulegeza nati ya kingpini. Usilegeze. Jua likipanda bushi zinarudi kulainika, na wewe uko katikati ya mteremko na traki iliyolegea. Mimi miezi hiyo naweka 80A mbele, nati naiacha pale pale, na mizunguko miwili ya kwanza nashuka polepole bila vikombe.