Mita 100 baada ya Tokyo: tunajibu maswali yenu

Fainali ya mita 100 ya wanaume katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ilikimbiwa Tokyo tarehe 14 Septemba 2025. Oblique Seville wa Jamaika alishinda kwa sekunde 9.77, Mjamaika mwenzake Kishane Thompson akafuata kwa 9.82, na Mmarekani Noah Lyles akawa wa tatu kwa 9.89. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kupimwa kwa saa, kwa futi au kwa macho.

Kwa nini Letsile Tebogo, mtimkaji wa Botswana, aliondolewa papo hapo Tokyo bila kupewa nafasi ya pili? (Msomaji, Jinja)

Kwa sababu tangu 2010 nafasi ya pili haipo. Anayechomoka kabla ya mlio huonyeshwa kadi nyekundu na nyeusi, na mbio zake zimekwisha. Zamani kila mkimbiaji alisamehewa kosa lake la kwanza. Kuanzia 2003 likawa kosa moja kwa kundi zima, na baada yake yeyote aliyekosea aliondoka, hata kama la kwanza lilifanywa na mwingine. Wapo waliotumia mwanya huo kuwavuruga wenzao kwa makusudi, basi ukazibwa. Usain Bolt mwenyewe aliondolewa hivyo katika fainali ya Daegu 2011, na dhahabu ikaenda kwa Yohan Blake kwa 9.92. Wanaosamehewa mara moja hadi leo ni wa mashindano ya michezo mchanganyiko, kama dekathloni, yenye michezo kumi.

Kosa hupimwa hivi. Bloku za kuanzia zina kihisio kinachosoma nguvu ya miguu, na nyuma ya kila mkimbiaji kuna spika, ili wa njia ya nane asisikie mlio baada ya wa njia ya kwanza. Nguvu ikipanda kabla ya sekunde 0.100 tangu mlio, mwanzishaji hupata ishara masikioni na kuwarudisha wote. Hesabu inayotumika ni kwamba sauti haiwezi kuingia sikioni, kufika kwenye ubongo na kusukuma misuli kwa muda mfupi kuliko huo. Aliyechomoka kwa 0.09 huhesabiwa kuwa amebahatisha. Lakini si kila mtikisiko ni kosa la kuondolewa: mtu akitetereka bila mikono kuacha ardhi wala miguu kuacha bloku, huweza kupewa onyo tu, kadi ya njano.

Kwa hiyo wafundisheni vijana kusubiri sauti. Mwalimu anayepiga makofi yake kwa mpigo uleule kila siku anawafundisha kubahatisha. Badilisha muda kati ya amri ya pili, ile ya kunyanyua kiuno, na mlio: mara sekunde moja na nusu, mara mbili na zaidi.

Paris 2024 Lyles na Thompson wote walipewa 9.79. Tulibishana kibandani hadi usiku: ilikuwaje dhahabu ikaenda kwa mmoja? (Vijana, Mbale)

Kamera ya mstari wa mwisho ilisoma 9.784 kwa Lyles na 9.789 kwa Thompson. Muda rasmi huandikwa kwa sehemu mia, na kanuni ni kupandisha juu daima, hata kama namba ya mwisho ni ndogo. Ndiyo maana 9.784 haikuwa 9.78. Nafasi, lakini, huamuliwa kwa sehemu elfu. Tofauti yao ya sehemu tano za elfu za sekunde, kwa mwendo ule, ni kama sentimita sita, upana wa vidole vitatu.

Kinachosomwa ni kiwiliwili. Kichwa, shingo, mkono, mguu na unyayo havihesabiwi. Ukiona picha ambamo kiatu cha mtu kimetangulia mstarini, usimpe ushindi. Budapest 2023 ilikuwa hivyohivyo: Tebogo na Zharnel Hughes wa Uingereza wote 9.88, fedha ikaenda kwa Tebogo kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Mwafrika katika mita 100 za wanaume za Mashindano ya Dunia.

Nina mwanafunzi anayekimbia 10.4 kwa saa ya mkononi. Je, yuko karibu na kiwango cha dunia? (Mwalimu, Soroti)

Mwalimu, hongera kwa kumpima, ila tuanze na saa yenyewe. Mpimaji huchelewa kubonyeza mwanzoni kwa sababu anangoja kuona moshi wa bastola, lakini mwishoni anamwona mkimbiaji akija, hivyo hachelewi kiasi hicho. Kwa mita 100 huongezwa sekunde 0.24 ili kulinganisha na saa ya umeme. 10.4 yako inakuwa kama 10.64. Na kama mpimaji alingoja sauti badala ya moshi, ongeza karibu 0.3 nyingine, kwa maana sauti huhitaji muda huo kusafiri mita 100. Wengi hukosea hapo, halafu kijana akifika uwanja wa taifa wa Namboole kwenye saa ya umeme analia bure.

Weka wapimaji watatu kwenye mstari wa mwisho, si mwanzoni. Chukua muda wa kati. Wakiwa wawili, chukua ule mrefu. Saa ikisoma 10.41, andika 10.5, maana muda wa mkono nao hupandishwa. Tena pima kiwanja kwa utepe wa chuma. Kamba ya katani hulegea ikiloa, na hatua za mguu si kipimo. Tumekuta viwanja vya shule ambavyo "mita 100" ni mita 96.

Kiwango cha kuingia Tokyo kilikuwa sekunde 10.00, na nafasi zilizobaki hadi 48 zikajazwa kwa orodha ya ubora wa dunia. Pia kuna mlango mdogo: nchi isiyo na mwanamume hata mmoja aliyefuzu katika mchezo wowote huruhusiwa kumwingiza mmoja. Hao ndio mnaowaona katika mchujo wa awali, wakikimbia 10.8 au 11. Uganda, yenye wanaume wa masafa marefu kama Joshua Cheptegei, haipiti mlango huo. Mtimkaji wetu lazima aingie kwa muda wake au kwa pointi za orodha.

Upepo unapimwaje? (Arua)

Kipima upepo huwekwa mita 50 kutoka mstari wa mwisho, kimo cha mita 1.22, kisichozidi mita 2 kutoka kwenye njia. Husoma kwa sekunde 10 tangu mlio, kisha hutoa wastani. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, rekodi haikubaliwi, ila mshindi anabaki mshindi. Upepo wa kiasi hicho hukata karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Upepo wa usoni wa nguvu ileile huumiza zaidi kuliko ule wa mgongoni unavyosaidia.

Shule yetu ina bloku mbili za chuma tu na uwanja ni wa murramu. Tuzipange vipi? (Mwalimu wa michezo, Gulu)

Bloku mbili zinatosha kufundishia. Kwanza mjue mguu wa mbele. Msimamishe kijana miguu pamoja, msukume taratibu kutoka nyuma: mguu unaotangulia kumwokoa asianguke ndio kwa kawaida unaokaa kwenye bloku ya nyuma, na ule mwingine ndio wa mbele.

Kipimo cha kuanzia ni urefu wa kiatu chake. Bloku ya mbele iwe viatu viwili kutoka kwenye mstari, ya nyuma viatu vitatu. Mwenye kiatu cha sentimita 28 ataweka 56 na 84. Mwenye miguu mirefu asogeze zote nyuma kidogo, robo ya kiatu kwa mara moja, na aandike kipimo kwenye daftari. Bloku ya mbele ilale kiasi, ya nyuma isimame zaidi. Kwenye murramu misumari hulegea, kwa hiyo mwenzake akanyage nyuma ya bloku kwa kisigino kila anapotoka. Bloku ikiteleza mara moja tu, kijana hataiamini tena, na atajizuia bila kujua.

Amri ya kwanza: mikono nyuma ya mstari bila kuugusa, upana unaozidi mabega kidogo, vidole vikifanya daraja. Amri ya pili: kiuno kinyanyuke juu kidogo ya mabega, goti la mbele likunjike kama pembe ya mraba, la nyuma lifunguke nyuzi 120 hadi 130. Macho yatazame chini. Mlio ukipigwa, asukume bloku zote mbili.

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni matatu. La kwanza, bloku zimekaribia mno mstari kwa sababu kijana aliona hivyo kwenye televisheni. Kiuno kinapanda kupita kiasi na anajikwaa hatua ya pili. La pili, mguu wa nyuma unaondoka bila kusukuma. La tatu, na ndilo baya kuliko yote, ni kuinua kichwa na kusimama wima kwenye hatua ya tatu. Anapaswa kuinuka polepole, hadi karibu mita 30. Hatua ya kwanza ikiwa ndefu, mguu unatua mbele ya mwili na kuwa breki.

Je, milima yetu inasaidia watimkaji pia? (Kapchorwa)

Inasaidia siku ya mbio, kwa sababu hewa nyepesi haimzuii sana mtu. Jim Hines alikimbia 9.95 Mexico City mwaka 1968, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Rekodi ya Afrika, 9.77 ya Ferdinand Omanyala, iliwekwa Nairobi Septemba 2021. Lakini mwinuko hautengenezi mtimkaji kama unavyomjenga wa mita 10,000. Na baridi ya asubuhi huko kwenu ni hatari kwa misuli: pasheni mwili moto dakika 40 nzima kabla ya kukimbia kwa nguvu zote.

Kijana wetu huongoza hadi mita 70 kisha wote wanampita. Tunampa mizunguko kumi ya uwanja kila jioni lakini haisaidii. (Lira)

Acheni mizunguko leo hii. Inamfundisha kukimbia polepole.

Hakuna anayeongeza kasi hadi mwisho. Bolt alipoweka rekodi ya 9.58 Berlin 2009, vipande vya mita 20 vilikuwa sekunde 2.89, 1.75, 1.67, 1.61 na 1.66. Tazameni cha mwisho: hata yeye alipungua. Lyles Paris alikuwa wa mwisho kwenye alama ya mita 30, akashinda kwa kupungua kidogo kuliko wengine. Nishati ya haraka ndani ya misuli huanza kwisha baada ya sekunde sita hivi, na anayekaza taya, shingo na ngumi wakati huo hujifunga mwenyewe.

Mpeni siku mbili za kasi kwa wiki, zikitengana angalau saa 48. Siku ya kwanza: mara sita za mita 30 kutoka kwenye bloku, pumziko dakika tatu, kisha mara nne ambapo anachukua kasi kwa mita 25 na kukimbia 20 zinazofuata kwa kasi yote akiwa amelegeza uso, pumziko dakika sita. Siku ya pili: mara tatu za mita 120 kwa karibu nguvu zote, pumziko dakika kumi. Watoto wataona pumziko ni refu mno. Wakilifupisha, hawafanyi tena zoezi la kasi.

Ongezeni kinga ya msuli wa nyuma ya paja: apige magoti, mwenzake ashike vifundo vya miguu, ashuke mbele polepole akijizuia. Mara tano, awamu tatu, mara mbili kwa wiki. Msuli huo hukatika mguu unaporushwa mbele, kabla haujagusa chini. Akisikia kama amepigwa jiwe nyuma ya paja, mbio zimekwisha siku hiyo. Barafu, kupumzika, wala asikandwe kwa nguvu.

Misumari ya kiatu iwe mirefu kiasi gani? (Hoima)

Kwenye njia ya kisasa isizidi milimita 9. Kwenye nyasi au murramu iliyoloa, mirefu zaidi inaruhusiwa na inahitajika.

Labda mbio fupi hazimo katika damu yetu? (Kampala)

Zimo. John Akii-Bua alichukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich 1972 kwa rekodi ya dunia ya 47.82. Davis Kamoga alipata shaba ya mita 400 Atlanta 1996 kwa 44.53, na mwaka uliofuata fedha ya dunia Athens kwa 44.37. Hao si watu wa masafa marefu. Botswana, yenye watu wachache kuliko sisi kwa mbali, ina Tebogo. Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuanza kutimka. Tunaamini watimkaji wetu wako kwenye viwanja vya raga na pembeni mwa viwanja vya mpira, wale mawinga ambao hakuna beki anayewafikia. Mwalimu wa riadha aende huko Jumamosi na saa yake, awapime mita 30 mara tatu kila mmoja, na aandike majina.