Wadogo zangu wa manyuali, breki kwanza, resi baadaye

Nawapenda sana ninyi wa gari za gia za mkono, lakini hizo klachi mnazichoma bure. Naongelea "heel-and-toe" (kisigino na vidole): unaposhuka gia, mguu wa kulia unakanyaga breki na papo hapo unagusa mafuta kupandisha mizunguko ya injini, yaani kupiga resi, kabla ya kuachia klachi. Tulipokuwa na msafara wa kwenda Iringa kupitia Mtera, tangu tuanze kona za Nyang'oro nilisikia tairi zikilia nyuma yangu. Hazikulia kwa spidi. Watu walikuwa wanashuka gia na kuachia klachi kabla mizunguko ya injini haijapandishwa.

1. Breki ndiyo kazi yenyewe. Sehemu ya mbele ya unyayo inakandamiza breki kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na upande wa nje wa mguu ndio unaogusa mafuta. Kisigino si lazima, hata kama jina linakitaja. Ukigusa mafuta na breki ikalegea, abiria wako atatikisa kichwa, basi hujaweza.

2. Usishuke gia usiyoihitaji. Dogo mmoja wa Toyota Altezza, RS200 ya gia sita, kijana makini kabisa, aliingia kona ya mteremko akiwa na gia ya tatu, akavuta ya pili na kuachia klachi ghafla. Fanyeni hesabu. Kama injini iko mizunguko 3,000 kwa dakika kwenye gia ya tatu, kwa giaboksi ile gia ya pili inataka 4,400 hivi kwa mwendo uleule. Pengo hilo lisipojazwa na mguu wako, litajazwa na tairi za nyuma, na wakati wa breki uzito umehamia mbele, nyuma hazishiki. Juu ya lami kulikuwa na mchanga wa kiangazi. Tairi zikagoma, mkia ukatoka, na lori lilikuwa linapanda upande wa pili. Bahati alikanyaga klachi tena, gari ikanyooka. Tulipopaki, mikono ilimtetemeka akashindwa kufungua chupa ya maji. Sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba ile ya tatu ingemtosha. Kutoka ya nne kwenda ya tatu pengo ni dogo, kutoka 3,000 hadi 3,600 hivi. Anzieni hapo, mkae hapo mpaka mguu uzoee.

3. Msijifunzie kwenye foleni ya mjini. Gari nyingi pedali ya breki iko juu kuliko ya mafuta, zinalingana pale tu unapokandamiza breki kwa nguvu. Ukigusa breki kidogo mguu hauyafikii mafuta, halafu unasema gari ni mbovu. Kaa kwanza na injini imezimwa, rudia mpangilio: breki, klachi, gia, resi, achia klachi. Kisha tafuta uwanja mpana usio na watu, nyoosha gari, ndipo uwashe kazi.

4. Viatu vya soli nyembamba.

5. Sikiliza mwili wa gari. Klachi ikipanda na gari ikivutwa nyuma, resi ilikuwa ndogo. Ikisukumwa mbele, umezidisha. Usiposikia kitu chochote, rudia tena hivyohivyo.