Majibu ya zamani, wasomaji wa leo

Shikamoo mwalimu. Naongoza watalii hapa Moshi. Mwaka 2016 nilimjibu mgeni mtandaoni kwamba nguo za mlimani azifunge kwenye mifuko ya plastiki zisilowe. Jibu bado lipo na bado linasomwa. Nilifute?

Marahaba. Usilifute, lirekebishe leo kabla hujalala. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ni marufuku nchini, na mgeni akija nayo anatakiwa kuiacha uwanja wa ndege. Lakini yeye aliuliza habari ya mvua, na mvua ya msitu wa Machame iko vilevile. Mwambie atafute mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji. Hilo liweke juu kabisa, pamoja na tarehe ya marekebisho. Anayesoma yuko Ujerumani anafunga begi, hana muda wa kufika mstari wa nane.

Nasoma kompyuta Arusha. Jibu langu kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, lina kura nyingi na muulizaji alilikubali, ila ni la Python 2, toleo la zamani la lugha hiyo ya kompyuta. Nikijaribu kulifuta, inagoma.

Lazima igome. Pale, jibu likishakubaliwa na muulizaji, aliyeliandika hawezi kulifuta mwenyewe. Mimi naona ni utaratibu mzuri. Python 2 iliachwa rasmi 1 Januari 2020, lakini programu zilizoandikwa nayo hazikufa siku hiyo, na mwenye kuzitunza bado anakuhitaji. Weka ya Python 3 juu, ya zamani ishushe chini na uipe kichwa chake. Anza na mabano ya print, amri ya kuonyesha maandishi, ambayo Python 3 inayadai, maana ndiyo yanayowaliza wanafunzi wengi.

Ila ukihariri, swali linapanda tena ukurasa wa mbele. Ukifumua majibu arobaini usiku mmoja, wenye maswali mapya utawazika. Matatu kwa siku yanatosha.

Mtu aliandika chini ya jibu langu, "Umekosea." Nikisahihisha kimyakimya kuna ubaya?

Upo. Yeye ataonekana mwehu, anapigia kelele kosa lisiloonekana. Tena hapo Stack Overflow matoleo yote ya nyuma yanahifadhiwa, kwa hiyo hutamficha mtu. Andika "Nimesahihisha, asante", basi. Na aliyekupigia kura ya chini, ukishahariri anaweza kuibadilisha.

Na herufi nilizokosea zamani?

Kama maana inaeleweka, zisubiri siku utakayoingia kwa jambo kubwa.

Nitajuaje jibu limezeeka?

Mara nyingi utaambiwa na aliyeumia. Niliwahi kuandika kwamba treni ya abiria kutoka Dar haifiki Arusha. Nilipoandika ilikuwa kweli. Oktoba 2020 treni ikarudi, jibu langu likaendelea kusema haipo, na mpwa wangu akaliamini, akalipia basi mara mbili kuja likizo. Mara ya tatu alinipigia simu: "Mjomba, njoo unichukue stesheni." Nilimuuliza stesheni ipi.

Siku hizi nauli, ratiba na ada siziandiki bila tarehe pembeni. Urefu wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, sijaugusa. Lile la treni nililibadilisha kwa simu nikiwa palepale stesheni, mpwa akipakia mizigo.