Dogo, Hiyo Dayodi Irudishe

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, nimemkuta dogo mmoja anashangilia. Kaletewa VHF ya boti, redio ya kuongelea baharini, ya wati 25, inakata fyuzi kila ikiungwa kwenye betri. Kapima, kakuta dayodi ya mlangoni, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, imeshoti, kaikata kwa plaizi, redio ikawaka. "Bro, imepona!" Imepona nini? Mlinzi kafa akipambana na mwizi, wewe umemzika na geti umeliacha wazi.

Basi nawaandikia, maana nimechoka kusema.

1. Mteja akiapa kwamba hakugeuza waya, na kwamba hata kama aligeuza swichi ilikuwa imezimwa, mwitikie kwa heshima, kisha pima. Kwenye redio nyingi za namna hii moduli ya kurushia sauti inakula umeme moja kwa moja kutoka waya mwekundu. Haina habari na swichi.

2. Fyuzi iheshimuni. Chanya na hasi zikigeuzwa, dayodi inaubeba umeme wote yenyewe, bodi inaonja kama volti 1 tu ya kinyume, fyuzi inakatika, yameisha. Dayodi haikuwekwa pale ivumilie. Imewekwa iue fyuzi.

Mimi hilo nililijua kitabuni. Siku mzee mmoja, nahodha wa pale Deep Sea kwenye boti za samaki, aliponiletea redio yake nibadilishe soketi ya maiki, niliiunga kwenye betri kwa kufuata rangi za waya. Kumbe katikati, ndani ya utepe mweusi, mtu alishaunga nyekundu kwa nyeusi. Fyuzi ikakata. Hapo Mungu alikuwa bado yuko upande wangu. Nikasema fyuzi ya zamani hii, sina ya ampea 10, nikaizungushia karatasi ya sigara, ile ya kung'aa inayopitisha umeme. Nikaunga tena. Dayodi ikawa nyekundu kama kaa la mama wa mihogo, ikapasuka, njia ya shaba ikainuka kwenye bodi, kapasita ikavimba kichwa. Harufu ile ukishaisikia huisahau.

Nilikesha. Dayodi mpya, kapasita mpya, regyuleta ya volti 8, njia iliyoungua nikairukia kwa waya. Alfajiri nikasikia manahodha wanabishana chaneli 16. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikamkabidhi mzee redio yake, na hela ya soketi nikapokea.

Sikubonyeza maiki. Sikuwa na mita ya wati wala lodi ya kupimia, ile inayofungwa mahali pa antena, na nikajiambia inayosikia itasema. Moduli ilikuwa imekufa.

Mashine ya mzee ilizima mbele ya Pangani. Akaita. Anawasikia wenzake wanaulizana bei ya samaki, yeye hakuna anayemsikia. Alitweka turubai na kufika kesho yake mchana. Akaja kibandani, akaiweka redio mezani taratibu, hakufoka. "Mwanangu, sikio ulinipa. Mdomo ulibaki nao wewe?"

Moduli niliilipia mwenyewe, kidogo kidogo.

3. Kabla ya kuunga betri, tanguliza taa ya indiketa ya gari, ya wati 21, kwenye waya mwekundu. Ikiwaka kwa nguvu na redio imezimwa, kuna shoti. Ukitaka kurusha itoe, inabana umeme.

4. Dayodi inayolia pande zote kwenye mita imekufa. Weka mpya yenye ubavu uleule, na mstari wake uangalie chanya. Mkiweka kinyume msije kwangu.

5. Rangi ya waya si ushahidi, boti nyingi zimefungwa waya za nyumbani. Gusisha mita.

6. Bila antena au lodi, usibonyeze. Na jaribio lisifanyike chaneli 16, ile ni ya watu wenye shida. Nenda 72.

Yule mzee bado mteja wangu. Ila nikimkabidhi redio hainui pochi mpaka aibonyeze mwenyewe na mwanawe ajibu kutoka kwenye boti, na akishajibu humwambia arudie.