Unataka kusoma teolojia? Anza na swali lako, sio na kitabu kinene

Jumamosi moja wageni wawili wenye mikoba waligonga geti, wakafungua Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", wakaniuliza sasa kama Yesu ni Mungu hapo alimaanisha nini. Mi ni katekista, na wakati huo nilikua mwaka wa kwanza kozi ya teolojia ya jioni. Nikatoa macho. Nikawaambia ni fumbo, wakaaga, nikabaki na aibu yangu mpaka usiku.

Shida ni kwamba nilianzia juu. Nilinunua libuku la teolojia pangilifu (saa hizi limeinua tivii sebuleni), ndo lile tawi linalopanga mafundisho kwa mada, Kristolojia ni habari za Kristo, soteriolojia wokovu, eklesiolojia Kanisa, eskatolojia mambo ya mwisho, nikakariri majina kama ya dawa. Majibu ninayo, maswali sina.

Kwa hiyo wewe chukua swali moja linalokunyima usingizi, ulipitishe matawi yote manne. Mi nilichukua la wale wageni.

Teolojia ya Biblia kwanza. Hapa unamuuliza Yohana mwenyewe, ya Kanisa yanasubiri. Nikasoma Injili yake yote mara mbili, kumbe sura ya 14 Yesu anaaga, anawaambia wanafunzi wafurahi kwamba anaenda kwa Baba, na huyo huyo Yohana ameshafungua kwa kusema Neno alikuwa Mungu, afu karibu na mwisho Tomaso anamwita "Bwana wangu na Mungu wangu". Yaani kaviweka vyote viwili makusudi.

Ya historia ndo iliyonimaliza kabisa. Ugomvi huu una miaka 1700! Arius, padri wa Alexandria kule Misri, alifundisha kwamba Mwana kaumbwa, na wafuasi wake mstari huo huo wa 14:28 walikua wanautegemea. Maaskofu wakakaa Nisea mwaka 325, wakamkatalia. Jumapili iliyofuata tunasali Nasadiki, ile kanuni ya imani, nikafika "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", sauti ikakata, waumini wakaendelea bila mimi. Miaka yote naitamka kama shairi la shule, kumbe pale kuna mtu anajibiwa.

Tawi la tatu ni ile pangilifu, na baada ya hapo lile libuku likaanza kueleweka. Mkutano mwingine wa maaskofu, Kalsedoni mwaka 451, ukasema Kristo ni nafsi moja asili mbili, Mungu kweli na mtu kweli. Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo, alishasema Mwana kwa umbo la mtumwa ni mdogo kwa Baba, kwa umbo la Mungu yuko sawa naye.

La nne ni la kichungaji, mahubiri, katekesi, kukaa na wafiwa, na wasomi wengi wanalidharau, vibaya sana. Mtoto wa Kipaimara aliniuliza, "Katekista, Yesu alikua anamuomba nani?" nikamshushia asili mbili nafsi moja, akageuka kuangalia kuku dirishani. Nikaanza upya, nikamuuliza yeye nyumbani anaongea na baba yake akiwa na shida tu au hata bila shida. Hapo akaniangalia.

Wale wageni wamepita tena mwezi uliopita. Tumekaa kibarazani saa nzima na hiyo sura ya 14, chai mara mbili, hakuna aliyehama dini. Mke wangu akaniuliza, leo mbona hujajificha chumbani?